Mashine ikisoma 'moto' palipoandikwa 'mato', nani atajua?

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea sura ya nne ya tasnifu yake. Sura hiyo ilihusu taswira ya moto katika utenzi mmoja wa Lamu. Kurasa ishirini na tatu, na kijana ameandika vizuri, Kiswahili chake kimetulia. Kulikuwa na moto wa mapenzi, moto wa ghadhabu, moto wa akhera. Nilisoma huku nikitikisa kichwa kwa kuridhika hadi nilipofikia mifano aliyoinukuu, nikasita.

Utenzi huo naufahamu. Niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe mwaka 1987, nikiwa kijana wa utafiti, nimeketi kwenye baraza ya nyumba moja kule Lamu huku bibi aliyeuhifadhi moyoni akiughani kipande baada ya kipande. Na katika utenzi huo, msomaji wangu, hamna moto. Hamna hata cheche. Kuna mato.

Mato, kwa Kiamu, ni macho. Bibi yule alikuwa akizungumzia macho ya mtu anayemsubiri msafiri wa baharini. Kijana wangu akamjengea tanuri.

Nilimwita ofisini. "Hili neno umelitoa wapi?" Akanijibu bila wasiwasi, "Kwenye daftari zako, Profesa." Na kweli, zilikuwa ni daftari zangu. Mwaka jana nilimruhusu azipige picha kwa simu yake, zote kumi na mbili, kwa sababu karatasi zimeanza kugeuka rangi na wino unafifia. Alizipitisha picha hizo kwenye programu ya akili unde inayosoma mwandiko wa mkono, na kwa muda wa siku chache akapata matini safi iliyopigwa chapa, inayotafutika. Ukitaka neno 'bahari' unaliandika, nayo tarakilishi inakuonyesha kila mahali lilipo. Mimi mwenyewe nilifurahi. Miaka yote hiyo, nikitaka kitu katika daftari hizo, ilinibidi nipekue ukurasa baada ya ukurasa kama mtu aliyepoteza sindano mchangani.

Lakini wapi! Tulipoketi pamoja na kulinganisha picha na matini, tuligundua kuwa 'mato' yote yamekuwa 'moto'. 'Nti', ambayo ni nchi, imekuwa 'mti'. 'Ndia' imesanifishwa kuwa 'njia', na 'moya' kuwa 'moja'. Mwandiko wangu si mzuri, nakiri. Herufi yangu ya 'a' hufanana na 'o' nikiwa na haraka. Hata hivyo, kosa halikuwa la jicho pekee. Mashine iliona umbo lenye utata, ikajiuliza ni neno gani linalojulikana zaidi, ikachagua lile ililolizoea. Na Kiswahili ilichokizoea ni cha magazeti, cha vitabu vya shule na cha mitandao. Kiamu cha bibi yule hakikuwa katika mafunzo yake.

Leo basi nataka kuuhakiki mtindo huu ambao umeshika kasi katika vyuo vyetu: wa kupiga picha hati za zamani, kuzipitisha kwenye mashine na kutangaza kuwa 'tumeziokoa'. Hoja yangu si kwamba mashine ni mbaya. Hoja yangu ni kwamba tumeanza kuiamini matini inayotoka upande wa pili kana kwamba ndiyo hati yenyewe, na kwamba makosa inayoyafanya ni ya aina ambayo walinzi wetu wa kawaida hawawezi kuyakamata.

Hebu tuwatazame walinzi hao. Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili ana vyombo viwili vya jadi vya kupimia kama matini imeharibika: mizani na vina. Kipande cha utenzi kina mizani minane. Kikija na saba au tisa, unajua kuna neno limetoweka au limeongezwa. Kina nacho kikivunjika, unajua kuna neno limebadilishwa. Manakili wengi wa kale walisahihishwa kwa njia hiyo, na wahariri wa tenzi wameitegemea kwa miaka.

Sasa pima. 'Mato' ina mizani miwili, 'moto' ina mizani miwili. Zote zinaishia kwa 'to'. 'Nti' ni mizani miwili, 'mti' ni mizani miwili, zote zinaishia kwa 'ti'. 'Ndia' na 'njia' vivyo hivyo. Utenzi ukachafuliwa kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na mizani isilie wala kina kisivunjike. Mlinzi amesimama mlangoni, mwizi amempita akimpa salamu.

Zamani mashine zilikosea kipumbavu. Ulikuwa ukikutana na neno kama 'mxt0', unacheka, unarudi kwenye karatasi na kusahihisha. Kosa lilijitangaza lenyewe. Mashine za sasa hukosea kwa ufasaha. Zinakupa neno halali la Kiswahili lenye tahajia sahihi, limekaa mahali pake katika sentensi, na maana yake inaelekea kueleweka. Kosa la namna hii halimsumbui msomaji. Linampendeza, tena kiasi cha kumwandikisha sura nzima ya tasnifu.

Watu wa teknolojia hupenda kututuliza kwa asilimia. Watakwambia programu yao inasoma herufi kwa usahihi wa asilimia 95. Inasikika vizuri, siyo? Lakini fanya hesabu. Ukurasa wenye herufi 1,500 utakuwa na herufi 75 zilizokosewa. Tuseme ukurasa huo una maneno 300, kila neno likiwa na herufi tano kwa wastani. Makosa hayo 75 yakitawanyika, kila moja likaangukia neno lake, basi robo ya maneno ya ukurasa huo ina kasoro. Hata usahihi ukipanda hadi asilimia 99, bado kuna herufi 15 katika kila ukurasa. Nazo si lazima ziangukie maneno mepesi kama 'na' na 'ya'. Aghalabu zitaangukia maneno ambayo mashine haiyajui: majina ya watu, majina ya mahali, istilahi za mabaharia, maneno ya lahaja. Yaani yale yale yaliyotufanya tuende Lamu kuyatafuta.

Na hayo ni maandishi ya hati za Kirumi. Tukienda kwenye hati za Kiarabu, ambazo ndizo zilizobeba fasihi yetu andishi kwa karne kadhaa, mambo yanazidi ugumu. Hati hizo zilipotumiwa kuandikia Kiswahili kwa desturi ya kale, alama za irabu zilikuwa tatu tu. Kasra ilisimamia 'i' na pia 'e'. Dhuma ilisimamia 'u' na pia 'o'. Herufi ba ingeweza kubeba sauti 'b', 'p' au 'mb'. Kwa hiyo neno lenye ba mbili, kila moja na fataha yake, waweza kulisoma 'baba', 'papa', 'pamba' au 'bamba'. Neno lenye kafu mbili, kila moja na dhuma yake, laweza kuwa 'kuku', 'kuko' au 'koko'. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Anayeamua ni msomaji anayeijua lugha, anayelijua jambo linalozungumzwa na, mara nyingi, aliyewahi kuusikia utenzi ukighaniwa.

Ndiyo maana kazi hii ya kugeuza mwandiko kuwa matini nyingine haikuanza na tarakilishi. Tuna babu zetu katika fani hii. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mnamo 1840. Mashairi yake yalikuja kukusanywa miongo kadhaa baadaye, na mtu tunayemshukuru zaidi ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa, aliyeyaandika kwa hati za Kiarabu na kuyaongezea maelezo ya maneno na matukio. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi zao zilihifadhiwa London, na mwaka 1940 William Hichens akaichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg kwa hati za Kirumi. Ukiisoma diwani hiyo leo, unasoma Muyaka aliyepita mikononi mwa watu watatu. Tofauti ni kwamba watu hao tunawajua kwa majina, tunajua kila mmoja aliijua lugha kwa kiasi gani, na tunaweza kubishana nao. Mwalimu Sikujua alipoona neno litawatatiza wa baadaye, alilieleza.

Mashine ya mwanafunzi wangu haikueleza kitu. Haikuweka alama ya kuuliza. Haikusema, "Hapa sina hakika." Iliandika 'moto' kwa kujiamini kule kule ilikoandika 'na'.

Kuna jambo jingine linalonikera, na hili ni letu sisi wasomi wala si la mashine. Tunachanganya mambo mawili: kupiga picha na kutengeneza matini. Picha ni hifadhi. Inailinda karatasi dhidi ya mchwa, unyevu wa pwani na moto wa kweli. Kazi hiyo imefanywa, na imefanywa vizuri katika sehemu kadhaa. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Chuo cha SOAS, London, kina makusanyo ya akina Taylor na Hichens. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ambayo J. W. T. Allen aliiorodhesha katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1970. Hizi ni kazi za kuheshimiwa.

Lakini picha haitafutiki. Kwa tarakilishi, picha ya utenzi na picha ya ukuta ni mamoja. Zote ni madoadoa ya rangi. Ukiandika 'Pate' kwenye kisanduku cha kutafutia, haitakuonyesha kitu mpaka mtu au mashine igeuze yale madoa kuwa herufi. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na hapo ndipo tunapopendelea kuruka. Fedha za mradi huishia kwenye kamera, diski na sherehe ya uzinduzi. Kusoma kunaachiwa programu.

Isitoshe, picha hizo nyingi zinakaa kwenye hifadhi za mbali. Mwezi wa Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Simlaumu aliyevamiwa. Nasema tu kwamba mwana wa Lamu hakupaswa kungoja London ipone ndipo aweze kuangalia karatasi zilizotoka mtaani kwao. Nakala moja ikiwa kule, nyingine iwe hapa.

Pengine utaniuliza, "Sasa Profesa, unataka turudi kwenye kalamu na karatasi?" La hasha. Nina umri wa kuyajua mateso ya kalamu na karatasi. Daftari zangu zingebaki sandukuni hadi nife, na wanangu wangeziuza kwa muuza karanga. Nataka tuzitumie mashine, ila tujue ni mashine gani na kwa masharti gani.

Zipo programu zinazofundishika. Mfano unaojulikana ni Transkribus, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, na ambayo sasa inaendeshwa na ushirika. Mtindo wake ni huu: unaipa kurasa ambazo binadamu amekwisha kuzisoma na kuzinakili herufi kwa herufi, nayo inajifunza mwandiko wa mwandishi huyo kutokana na kurasa hizo. Ikishajifunza, unaipa kurasa mpya, kisha unasahihisha, kisha inajifunza tena. Hapa mwalimu ni mtu na mwanafunzi ni mashine. Sisi tumeupindua utaratibu: tumeiweka mashine ubaoni, tukakaa darasani kunakili.

Mapendekezo yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

Kwanza, matini yoyote iliyogeuzwa kutoka mwandiko wa mkono iwe na tabaka tatu zinazokaa pamoja. La kwanza ni picha. La pili ni maandishi herufi kwa herufi, jinsi mwandishi alivyoandika, lahaja na makosa yake yote. La tatu ni usomaji sanifu. Katika tabaka la pili 'mato' ibaki 'mato'. Katika la tatu tuandike 'macho', ili mtoto wa Kakamega anayetafuta 'macho' ampate bibi wa Lamu. Kusanifisha si dhambi. Dhambi ni kusanifisha kisha kutupa cha asili. Tukifanya hivyo, siku moja mwanaisimu atahesabu maneno katika matini hizi na kutangaza kwamba wazee wa Lamu wa karne ya ishirini walisema 'njia' na 'moja' kama watu wa Unguja. Atakuwa na takwimu, tena za uongo.

Tabaka hizi zitatusaidia hata pale mashine isipokosea. Chukua neno 'aliteka'. Kwa Kiamu mtu huyo alicheka. Kwa Kiswahili sanifu amechota maji au amekamata mateka. Au 'ndoo': kwa Kiamu unaitwa uje, kwa sanifu unapewa chombo cha maji. Herufi zote ziko sawa, lakini anayetafuta atapotea pasipo mtu wa kumwonyesha njia.

Pili, kila penye shaka pawekwe alama ya shaka, na kila matini iwe na jina la aliyeisoma. Matini isiyo na msomaji wa kuwajibika ni uvumi uliopigwa chapa. Mtahini akiulizwa "nani alisoma neno hili?" asijibiwe "programu."

Tatu, tuwalipe wanaojua. Lamu, Siyu, Pate na Mombasa bado kuna walimu wa madrasa na wazee wanaosoma hati za Kiswahili kwa Kiarabu kwa wepesi kuliko profesa yeyote niliyekaa naye kwenye jopo la mtihani. Miradi yetu huwakumbuka kwa soda na ahsante. Wawekwe kwenye bajeti kama wataalamu, walipwe kwa ukurasa, na majina yao yaandikwe juu ya kazi, si katika shukrani za mwisho.

Nne, tufundishe. Katika idara nyingi nilikofundisha au kutahini, mwanafunzi huweza kupata shahada ya uzamifu katika fasihi ya Kiswahili bila kuweza kusoma ubeti mmoja katika hati ulimoandikwa kwanza. Tungemshangaa daktari asiyeweza kusoma kipimajoto. Muhula mmoja wa kusoma hati za Kiarabu, na mwingine wa lahaja za kaskazini, ungetupa watu wa kuisahihisha mashine. Bila hao, nani atajua kuwa imekosea?

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Sura ya nne iliponaswa, haikunaswa na utaratibu wowote wa chuo. Ilinaswa kwa sababu mwandishi wa daftari yu hai, alitokea kuwa msimamizi, na alikuwa bado akikumbuka sauti ya bibi yule. Ondoa moja kati ya hayo matatu, na tasnifu ingepita, ingewekwa maktabani, ingenukuliwa na wengine, na moto wa Lamu ungewaka katika vitabu vyetu milele. Ni sura ngapi za namna hii ambazo zimeshapita? Ni daftari ngapi ambazo wenyewe wamekufa?

Mwanafunzi wangu sikumkaripia. Kosa la kwanza ni langu mimi niliyempa daftari bila kumpa lugha iliyomo. Nilimpa faharasa ya Kiamu niliyoiandaa enzi hizo, nikamwambia aende Lamu wiki tatu, aketi na watu. Ameniandikia juzi. Anasema ameanza kuandika upya, sasa ni sura ya macho, na ya kungoja. Anasema ni fupi kuliko ile ya moto, lakini safari hii analala vizuri.

Nami nimeanza kuzipitia upya daftari zote kumi na mbili, picha mkono mmoja na matini mkono mwingine. Nimemaliza mbili. Katika ukurasa wa mwanzo wa daftari ya tatu nimekuta maneno niliyoyaandika pembeni siku ya kwanza ya utafiti, bibi alipoona nasitasita kuandika neno ambalo sikulisikia vyema. Aliniambia: kama hukusikiya, uliza, usiandike lako.

Mashine imeyasoma maneno hayo pia. 'Hukusikiya' imelisahihisha.